Mkono kufa ganzi usiku: Usiilaumu kibodi peke yake

MAMA mmoja aliingia katika kliniki yangu hapa Kabati akiwa amebeba kibodi ya kompyuta ndani ya kiondo. Akaitoa, akaiweka mezani mahali ambapo wagonjwa huweka vitabu vyao vya hospitali, kisha akasema: "Daktari, mgonjwa ni huyu."

Hakuwa akifanya mzaha. Mama huyo, mwenye umri wa miaka 43, ana duka la kupiga chapa na fotokopi si mbali na steji, kwenye barabara itokayo Machakos kwenda Kitui. Yeye ndiye huwapigia walimu mitihani ya mwisho wa muhula na kuandika kumbukumbu za vyama vya kina mama, na kila mwezi wa Juni watu hupanga foleni mlangoni pake ili awajazie fomu za ushuru za KRA. Oktoba 2024, SHA ilipochukua mahali pa NHIF, alikuwa akikaa kitini hadi saa tatu za usiku akisajili jamaa za watu.

Ncha za vidole vyake zilikuwa zikiuma. Isitoshe, mkono wa kulia ulikuwa ukifa ganzi. Mteja wake mmoja, kijana wa chuo kikuu, alikuwa amemweleza kwamba kosa lote ni la kibodi yake ya bei rahisi, na kwamba Wajapani wanatengeneza nyingine isiyoumiza mikono. Bei ya hiyo nyingine ni zaidi ya dola 200, yaani zaidi ya shilingi 25,000. Mama alikuwa nazo pesa hizo. Zilikuwa za karo ya muhula uliokuwa ukija, na alichotaka kutoka kwangu ni neno moja tu: azitoe au asizitoe?

Msomaji, nakuomba univumilie nikueleze kwanza kilichomo ndani ya kibodi, kwa sababu ni humo nilimopotelea mimi daktari.

KIKOMBE CHA MPIRA

Nilichukua bisibisi, nikaifungua kibodi yake pale pale. Chini ya vibonye kulikuwa na kipande cha mpira chenye vikombe vidogo vilivyofunikizwa, kila herufi na kikombe chake. Chini ya mpira huo mlikuwa na karatasi za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Ukibonyeza, kikombe hukataa kidogo, kisha hukubali na kubonyea, na sehemu yake ya ndani huisukuma karatasi ya juu hadi iguse ya chini. Hapo ndipo herufi hutokea. Kibodi nyingi za madukani zimeundwa hivyo, na kwa kawaida mguso huo hupatikana kidole kikiwa kimekaribia kabisa mwisho wa safari yake. Basi mpiga chapa hujifunza kugonga hadi chini ili awe na hakika.

Kibodi ya mama ilikuwa imekaa miaka mingi chini ya paa la mabati, kwenye joto na vumbi la barabara. Mpira ulikuwa umekauka. Nilijaribu herufi A, ambayo katika Kiswahili haipumziki hata kidogo, nikaona kwamba bila kuishindilia haitoki.

Sasa nikiri udhaifu wangu: napenda kibodi. Nilipokuwa nikisomea udaktari Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilijipatia pesa za matumizi kwa kuwapigia chapa wenzangu kazi zao. Kwa muuzaji mmoja wa kompyuta kuukuu nikanunua kibodi ya rangi ya maziwa, nzito kama tofali, yenye herufi za Kijapani pembeni mwa zile tulizozizoea. Hakuna mtu mwingine aliyeitaka. Ninayo hadi leo.

Hiyo nayo ina vikombe vya mpira. Lakini chini ya kila kikombe kuna springi nyembamba yenye umbo la pia, pana chini na kali juu, na chini ya springi hakuna karatasi za plastiki bali bodi ya saketi yenye vipande vya shaba vilivyofunikwa. Hakuna kitu kinachogusana na kingine ili umeme upite.

Inajuaje basi kwamba umebonyeza? Wale wa rika langu na waliotutangulia wanaikumbuka redio ya kuzungusha kidude ukitafuta stesheni. Ndani ya redio hiyo mlikuwa na mabamba membamba ya chuma yaliyoingiana bila kugusana. Kadiri yalivyozidi kufunikana ndivyo uwezo wake wa kushika chaji ya umeme ulivyoongezeka, na stesheni ikabadilika. Kifaa hicho huitwa kapasita. Springi ya kibodi yangu hufanya kazi ya namna hiyo: inapokandamizwa, uwezo wa kushika chaji hapo chini hubadilika, na kibodi hupima badiliko hilo. Kioo cha simu yako ya kugusa hutegemea kanuni iyo hiyo, na ndiyo maana hakihitaji kusukumwa. Kibonye husafiri milimita 4 hivi, na herufi hutokea karibu katikati ya safari. Kidole hakina sababu ya kugonga sakafu.

Muundo huo ulitoka Japani katika miaka ya 1980, kwa kampuni ya Topre. Kampuni hiyo ilianzishwa 1935, na kazi yake kubwa, ajabu ya mambo, ni kutengeneza sehemu za mabati za magari na mabodi ya malori yenye friji. Tangu 2001 imekuwa ikiuza kibodi zake kwa jina la Realforce. Nguvu ya kawaida ya kubonyeza ni gramu 45, lakini kuna zile ambazo vibonye vya kidole cha mwisho vimelegezwa hadi gramu 30 kwa kuwa kidole hicho ni dhaifu. Daktari yeyote akisikia hayo atataka kumpa mkono fundi aliyeyafikiria. Wajapani hawakuwa wa kwanza kutumia kapasita. Kibodi ya kompyuta ndogo ya IBM ya 1981 ilikuwa nayo, ila kwa springi ya chuma yenye kelele kama cherehani. Kampuni ya Key Tronic ya Marekani nayo ilitumia vipande vya sifongo, na sifongo huoza.

KOSA LANGU

Haya yote nilimweleza mama kwa furaha, wagonjwa wengine wakingoja kwenye benchi. Nikamkopesha kibodi yangu aitumie mwezi mmoja, nikamwandikia dawa ya maumivu, na nikamwambia asiiguse karo ya mtoto.

Ushauri wa karo ulikuwa mzuri. Mengine yalikuwa ya daktari aliyesahau kazi yake. Sikumuuliza ni vidole gani vilivyokuwa vikifa ganzi. Sikumuuliza ni saa ngapi. Sikupima sukari, ingawa kipimo kilikuwa ndani ya droo, sentimita chache kutoka mahali nilipoweka bisibisi.

Alirudi baada ya wiki tano. Ncha za vidole zilikuwa zimetulia. "Kibodi yako ni tamu, Daktari," alisema, "lakini usiku sasa umekuwa mbaya zaidi."

Alikuwa akiamka mwendo wa saa nane za usiku, mkono ukiwa kama umechomwa na siafu, akiukung'uta kando ya kitanda kama mtu anayekung'uta maji. Alikuwa ameangusha sufuria ya chai mara mbili. Kumfunga kitinda mimba wake vifungo vya shati la shule kulikuwa kumemshinda, na mtoto alikuwa akifungwa na baba yake.

"Ni vidole gani, mama?" niliuliza hatimaye.

Akanionyesha kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete.

"Na hiki cha mwisho?"

"Hicho hakina neno."

Jibu hilo lilitosha kunitia aibu. Kwenye kifundo cha mkono, mifupa imejipanga kama mtaro, na juu yake pana utepe mgumu uliofunika kama kifuniko. Ndani ya njia hiyo nyembamba mnapita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva moja, ambayo huipa hisia sehemu ile ile aliyonionyesha. Kidole cha mwisho kina neva yake nyingine, ipitayo nje ya njia hiyo. Kitu chochote kikivimba mle ndani, kano huvumilia lakini neva hubanwa. Usiku hali huwa mbaya zaidi kwa sababu wengi wetu hulala tumekunja vifundo vya mikono bila kujua.

Nilimwomba aweke migongo ya mikono yake pamoja, vidole vikitazama chini, atulie hivyo kwa dakika moja. Hakumaliza nusu. Kisha nikatazama kiganja chake kwenye mwanga wa dirisha. Ule mnofu ulio chini ya kidole gumba, ambao kwa mtu mzima mwenye afya huwa umetuna, ulikuwa umeanza kubonyea. Hiyo ni dalili kwamba neva imebanwa kwa muda mrefu. Mnofu ukishapotea hivyo, si lazima urudi, hata neva ikifunguliwa.

Asubuhi iliyofuata alikuja kabla ya kula chochote. Sukari yake ilikuwa 13.6. Kuanzia 7.0 kwa mtu aliyefunga usiku kucha, tunashuku kisukari na kupima tena ili kuthibitisha, na kipimo cha pili kilithibitisha. Nilipomuuliza kuhusu kiu, alicheka. Alikuwa akinywa maji mengi tangu mwaka uliotangulia, lakini alidhani ni jua la Kitui. Kutoka nje mara tatu usiku alidhani ni chai.

Kisukari ni mojawapo ya mambo yanayoifanya neva hiyo ibanwe kwa urahisi. Tezi ya shingo inapofanya kazi pungufu huleta hali hiyo, na vivyo hivyo ujauzito, unene, baridi yabisi ya viungo, na mfupa wa kifundo uliowahi kuvunjika na kuunga vibaya. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

KIBODI INA LAWAMA GANI?

Sitaki msomaji adhani kwamba naitetea kibodi mbovu. Mwaka 1999 David Rempel na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi mdogo lakini wa makini. Watu 20 waliokuwa na ganzi mikononi waligawanywa kwa bahati nasibu, wakapewa kibodi za aina mbili, zote za Key Tronic, zilizotofautiana katika jinsi vibonye vinavyokijibu kidole. Kati ya wiki ya 6 na ya 12, waliopewa aina moja walipungukiwa na maumivu kuliko wenzao. Lakini neva zilipopimwa kwa umeme, hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili. Kwa maneno mengine, swichi iliyo chini ya kidole inaweza kupunguza maumivu, na jambo hilo si dogo kwa mtu anayekula kwa vidole vyake. Neva iliyobanwa ni habari nyingine.

Miaka minne baadaye, 2003, Wadenmaki walitoa matokeo ya kuwafuatilia karibu wafanyakazi 7,000 wanaotumia kompyuta. Kibodi haikuonekana kuwa chanzo kikubwa cha kubanwa kwa neva ya kifundo. Kilichotiliwa shaka zaidi ni kipanya, kwa wale waliokishika zaidi ya saa 20 kwa wiki.

Hata hapa Kabati ninayaona hayo kwa macho yangu. Wengi wa wanaonijia na ganzi ya aina hii hawajawahi kugusa kompyuta. Ni akina mwaitu wanaosuka vyondo tangu utotoni, ni waendeshaji bodaboda ambao usukani huwatetemesha mikono mchana kutwa, ni wajawazito wa miezi ya mwisho. Karne tatu zilizopita, kalamu zikiwa bado za manyoya ya bata bukini, daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini aliongeza sura kuhusu makarani na mikono yao iliyochoka katika kitabu chake cha maradhi ya wafanyakazi, toleo la 1713.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo kompyuta imetunyang'anya. Mama huyu alijifunza kazi kwa taipureta, akafanya mtihani wa KNEC wa maneno 40 kwa dakika. Taipureta ilidai nguvu nyingi, lakini pia ilikupumzisha bila wewe kutaka: mwisho wa kila mstari mkono ulitoka kwenye vibonye ukarudisha gari la karatasi, na mwisho wa ukurasa ukabadilisha karatasi. Kwenye kompyuta vidole havina kituo. Na wengi waliofunzwa kwa taipureta walibaki na mkono ule ule wa nyundo. Wataalamu waliopima wamegundua kwamba wapiga chapa hugonga kwa nguvu mara kadhaa kuliko inayohitajika na kibonye. Mtu wa namna hiyo hata ukimpa kibodi ya Kijapani ataigonga hadi sakafu, na zile milimita 2 za huruma zitakuwa zimepotea bure.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi 25,000, jaribu yasiyo na gharama. Kama majirani wa duka la pili wanakusikia ukiandika, unagonga kupita kiasi. Vikunje vile vimiguu vilivyo nyuma ya kibodi, kwa kuwa vinakuinua vidole na kukunja kifundo. Meza nyingi za maduka yetu ni ndefu na viti vya plastiki ni vifupi, hivyo mtu huandika viwiko vikining'inia chini na vifundo vikiegemea ukingo wa meza. Weka mto au gunia lililokunjwa kwenye kiti hadi kiwiko kilingane na kibodi. Simama kila nusu saa hata kama ni kwa kumpokea mteja pesa. Ipindue kibodi kila wiki uikung'ute vumbi. Mpira ukishakauka hadi herufi inadai kupigwa mara mbili, inunue nyingine ya kawaida, ambayo hupatikana kwa chini ya shilingi 1,000. Ikiwa umeajiriwa, fahamu kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinganishe mahali pa kazi na mfanyakazi. Si hisani yake.

Lakini ikiwa mkono unakuamsha usiku, au unaangusha vitu, au ganzi imeshika vidole vitatu vya kwanza na kukiacha cha mwisho, achana na kibodi uende ukapimwe, sukari ikiwemo. Ganzi ikivishika vidole vyote, au ikianzia shingoni au miguuni, pia sema, kwa maana huenda chanzo kiko mahali pengine kabisa. Matibabu ya mwanzo ni rahisi: banzi la kukinyoosha kifundo, linalovaliwa usiku kwa wiki 6 hivi. Usilikaze kama bendeji ya mguu ulioteguka. Lisiposaidia, ipo sindano ya kupunguza uvimbe, na baada yake upasuaji mdogo wa kukifungua kile kifuniko, ambao wengi hufanyiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kukanda kwa mafuta hakudhuru, lakini hakufungui kitu. Kuchanja chale kwa wembe juu ya kifundo kunadhuru, na mwenye kisukari ndiye huchelewa zaidi kupona kidonda.

Mama alianza dawa za sukari na kulivaa banzi. Kwa sababu mnofu ulikuwa umeanza kupungua, nilimwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji mjini Kitui bila kungoja wiki 6, na mkono wa kulia ukafunguliwa. Sasa analala hadi asubuhi. Sukari imeshuka, ingawa si kila wiki. Kile kidole gumba hakijapata nguvu yake yote. Vifungo vya shati anaweza, uzi kwenye tundu la sindano bado. Nilimweleza kwamba kama ningemuuliza maswali mawili siku ile ya kwanza, angefika Kitui wiki tano mapema. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hata yeye alikuwa amekaa miezi minane kabla ya kuja.

Karo ililipwa. Kibodi yangu bado iko dukani kwake. Nilipopita wiki iliyopita kupiga fotokopi nikaitaka, aliniuliza mimi huandika barua ngapi kwa siku, na akaendelea na kazi yake.